Mwanya huu sikuzaliwa nao

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 42, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Tanga, na mama wa watoto wawili. Ninakuandikia kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo nimepangiwa kufungwa nyaya za meno, zile ambazo wanafunzi wangu huziita bresi, na kadiri siku hiyo inavyokaribia ndivyo ninavyozidi kuingiwa na shaka, wala sina mtu wa kumuuliza ambaye hatacheka kwanza.

Nilipokuwa msichana meno yangu yalikuwa yamejipanga vizuri. Ninayo picha ya harusi yetu ya mwaka 2008 ambamo ninacheka wazi kabisa, na meno ya mbele yamegusana kama punje za mahindi. Leo ukucha wa kidole changu unapita bila shida kati ya meno mawili ya mbele ya juu, na lile la kulia limetoka nje na kushuka kidogo, hata nikifumba mdomo ninalihisi limeegemea mdomo wa chini. Meno ya chini nayo yamebanana, na moja limejipinda ubavu. Mabadiliko haya yalianza baada ya kumzaa mtoto wetu wa pili, miaka saba iliyopita, lakini miaka miwili hii ya mwisho yamekwenda mbio.

Nikilalamika, wifi yangu huniambia kwamba mwanya ni urembo na kwamba wako wanaoutafuta kwa tupa. Mama mkwe anasema nyaya ni za watoto wa shule. Mume wangu ni mtu mpole na hajanikataza, ila aliniuliza, nusu utani, ninataka kupendeza kwa nani katika umri huu. Swali hilo limenikaa moyoni kuliko nilivyomwonyesha.

Kliniki niliyokwenda ni ya binafsi. Daktari aliniangalia kwa kioo kidogo kwa muda usiofika dakika kumi, akaniambia kazi hiyo ni ya mwaka mmoja na nusu kwa shilingi milioni 2.8, nikalipa kianzio cha shilingi 500,000 na kupewa tarehe. Nilipouliza kuhusu eksirei nilijibiwa kwamba haina haja, kwa kuwa kasoro inaonekana kwa macho. Nilimweleza pia kwamba fizi zangu hutoa damu ninapopiga mswaki, hasa upande wa mbele, na kwamba kwa sababu hiyo siku hizi sehemu hiyo ninaipitisha kidole chenye dawa badala ya mswaki. Alisema nitapewa dawa ya kusukutua. Sijui kama inahusu, lakini mwaka 2011 niling'olewa gego la chini upande wa kushoto, na pengo lake sijawahi kuliziba.

Naomba uniambie ukweli. Je, nimechelewa? Je, meno ya mtu mzima husogea, au nitateseka bure? Na je, nitaweza kusimama mbele ya darasa na kuwafundisha watoto kutofautisha «th» na «dh» nikiwa na chuma mdomoni?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba, Mwalimu.

Naanza na jambo la haraka: Jumamosi hiyo usifungwe nyaya. Wapigie simu uahirishe, kisha endelea kusoma sababu zake.

Wewe unafundisha lugha, kwa hiyo unajua kwamba Kiswahili kina neno «mwanya» na kina neno «pengo», na kwamba hakuna anayemsifu binti kwa pengo lake. Mwanya anaosifiwa mtu ni ule aliokua nao, ambao meno ya kudumu yalipoota yaliuacha hapo, na ukilinganisha picha zake za miaka 15 na za miaka 40 utaukuta palepale, kwa upana uleule. Wa kwako haumo katika picha ya harusi. Umefunguka ukiwa mtu mzima, unaendelea kupanuka, na meno yanayozunguka mahali hapo yanatoa damu. Wifi yako ana nia njema, lakini mwanya wa namna hiyo sisi tuliokaa miaka mingi kwenye kiti cha meno hatuuhesabu kuwa urembo wala kuwa kasoro ya mpangilio. Tunauhesabu kuwa dalili, na mpaka ithibitishwe vinginevyo, tunashuku kwamba mfupa unaoshika meno hayo umepungua kwa ugonjwa wa fizi.

Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi nyembamba sana zinazotoka kwenye mzizi wake kuingia kwenye mfupa, katika nafasi ya takriban robo ya milimita, na ndiyo sababu ukilibonyeza jino zima kwa kidole utahisi limenepa kidogo mno. Ukoga usioondolewa kila siku hukauka ukawa ugaga, ugaga hushuka chini ya ukingo wa ufizi, na mwili katika kupambana na vijidudu vilivyomo humo huanza kula nyuzi hizo na mfupa wake pole pole, bila maumivu ya maana. Jino lililobaki na nusu ya mfupa haliwezi tena kuhimili msukumo wa kawaida wa ulimi na wa kutafuna. Linasukumwa nje, linafunguka kama pepeo, na mara nyingi linashuka. Ulivyolieleza jino lako la kulia, ndivyo hasa.

Gego la mwaka 2011 linahusu, tena sana. Ukiondoa gego la chini na kuacha pengo, jirani wa nyuma hulalia pengoni na gego la juu lililokosa mwenzake hushuka kulitafuta. Mkao wa kutafuna ukishaharibika nyuma, meno ya mbele hubebeshwa mzigo ambao hayakuumbiwa, na yakiwa tayari yamepungukiwa mfupa, huenda mbele. Huenda basi una sababu mbili zinazosaidiana. Ziko nyingine pia, kama vile tabia ya kusukuma meno kwa ulimi wakati wa kumeza, lakini sitazifuata kwa sababu damu uliyoitaja inatosha kutuonyesha pa kuanzia.

Sasa uone kwa nini nimekuzuia. Nyaya husogeza jino kwa kulisukuma mfululizo kwa nguvu ndogo. Upande unaosukumiwa, mfupa huliwa na seli za mwili wenyewe, na upande unaoachwa nyuma hujengwa mwingine. Kazi hiyo ikifanyika kwenye fizi zenye afya, jino husafiri pamoja na mfupa wake. Ikifanyika kwenye fizi zilizovimba na zenye ugaga chini yake, upande wa kula hupata msaidizi na upande wa kujenga hukosa mafundi, na mgonjwa anaweza kumaliza mwaka mmoja na nusu akiwa na meno yaliyonyooka na yanayotikisika. Dawa ya kusukutua haifiki chini ya ufizi uliokwisha kuachana na jino. Kukuahidi hiyo peke yake ni sawa na kumwagia maji paa la nyumba ambayo moto uko chini ya kitanda.

Kwa hiyo kabla ya neno «nyaya» kutajwa tena, nenda idara ya meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Bombo, au kwa daktari yeyote wa meno unayemwamini, uombe vitu vitatu kwa majina yake. Kwanza ni picha za eksirei: ile kubwa inayoonyesha mataya yote mawili kwa pamoja, na picha ndogo za meno ya mbele zinazoonyesha kimo cha mfupa. Pili ni kupimwa mifuko ya fizi, yaani ile nafasi iliyo kati ya ufizi na jino. Daktari atatumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, atakitelemsha kando ya kila jino katika sehemu sita, na msaidizi wake atakuwa akiandika namba. Mfuko wenye afya hauzidi milimita 3. Ukianza kusikia 4, 5, 6 zikitajwa, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Upimaji huo huchukua muda na huchosha taya, na mtu hawezi kuufanya kwa kioo kidogo na dakika kumi. Tatu ni kipimo cha sukari ya damu, kwa sababu kisukari ambacho hakijagunduliwa huharibu fizi haraka, nazo fizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Sina sababu ya kudhani unacho, ila katika umri wa miaka 42 kipimo hicho hakina hasara.

Ikithibitika kuwa ni fizi, utasafishwa juu na chini ya ufizi, pengine kwa ganzi na kwa awamu mbili au nne, kisha utapimwa upya baada ya kama miezi mitatu. Na wewe nyumbani uache kile kidole. Nimeliona kosa hili mara nyingi sana: mtu anaona damu, anaogopa, anaihurumia sehemu hiyo, na kwa kuihurumia anauacha ukoga uzidi. Chukua mswaki laini, uuelekeze kwenye ukingo wa ufizi, upige palepale panapotoka damu, asubuhi na usiku, kisha kwenye mianya upitishe vile vibrashi vidogo vya kati ya meno. Siku za kwanza damu itaongezeka. Ikiwa ugaga umeshaondolewa na unasafisha hivyo kila siku, baada ya wiki mbili hivi utaona inapungua, na hiyo itakuwa habari njema ya kwanza kuipata kutoka kinywani mwako kwa miaka kadhaa.

Baada ya hapo tuzungumze umri. Hukuchelewa. Ile kazi ya kula na kujenga mfupa haina tarehe ya kustaafu. Kwa mtu mzima huchelewa kuanza kidogo, lakini ikishaanza jino husogea karibu milimita moja kwa mwezi kama la kijana. Kinachopotea na umri ni kukua kwa mataya: mtoto ambaye taya lake la chini liko nyuma anaweza kusaidiwa likiwa bado linakua, ilhali mtu mzima mwenye tofauti kubwa ya mataya atahitaji ama upasuaji ama kuridhika na meno kupangwa juu ya mataya yalivyo. Maelezo yako hayaonyeshi tatizo hilo, kwa kuwa mwaka 2008 meno yako yalikutana vizuri. Hata kupungua kwa mfupa hakukufungii mlango. Jino lililopoteza mfupa huweza kurudishwa mahali pake kwa nguvu ndogo kuliko za kawaida, mradi ugonjwa umetulia na mtu anasafishwa na mtaalamu kila baada ya miezi mitatu kwa muda wote wa nyaya. Mkono unaopaswa kupima nguvu hizo ni wa daktari bingwa wa kupanga meno aliyesajiliwa kama bingwa, na hilo una haki ya kumuuliza mbele yake na kulihakiki kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi wao wako Dar es Salaam, Muhimbili wamo.

Safari hiyo uihesabu katika gharama. Kutoka Tanga ni kilomita takriban 350, na nyaya hukazwa kila baada ya wiki nne hadi nane, kwa muda ambao kwa mtu kama wewe ningeukadiria kuwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili na nusu. Piga hesabu ya nauli, ya siku za ruhusa na ya kusafishwa fizi, kwa maana bei uliyotajiwa haina hata moja kati ya hizo. Bima nyingi huzihesabu nyaya kuwa urembo, lakini hukubali matibabu ya fizi. Uliza mfuko wako wa bima kwa maandishi. Kuhusu kile kianzio, kidai kwa upole: waambie unataka vipimo kwanza, na uombe fedha zirudi au zihamishiwe kwenye usafishaji na eksirei. Kliniki nzuri haitagombana na mgonjwa kwa ombi hilo.

Utaulizwa unataka nyaya za aina gani. Ziko za chuma, ziko za kauri zenye rangi ya jino, na ziko trei za plastiki angavu ambazo huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kuvuliwa wakati wa kula. Mtu wa fizi hunufaika na trei kwa sababu anaweza kusafisha meno bila kizuizi, ila hugharimu zaidi na hazimfai anayezisahau kwenye kabati la walimu. Ukichagua za chuma, omba vifungo vyake, yaani vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye meno, vikazwe kwa waya mwembamba badala ya vimpira. Vimpira hukusanya ukoga zaidi, na pia, nikuambie siri ya jikoni, huvuta manjano: sahani moja ya pilau ya harusi isiyo na manjano utaipita salama, lakini biriani itakurudisha shuleni Jumatatu na meno yenye ushanga wa njano.

Sauti zako zitakuwa salama kuliko unavyodhani. «Th» na «dh» hutamkwa kwa ncha ya ulimi katikati ya meno, kutokea ndani, na vifungo hubandikwa nje. Zinazoweza kukusumbua ni «f» na «v», ambapo meno ya juu hugusa mdomo wa chini, na hizo nazo mdomo huzizoea ndani ya wiki moja au mbili. Trei ndizo huleta kitembe cha «s» katika siku za mwanzo. Maumivu yapo, hasa siku tatu hadi tano baada ya kufungwa na baada ya kila kukazwa. Ni kama uchovu wa taya zima kuliko mchomo wa jino bovu, na parasetamoli huyatuliza. Kifungo kikikwaruza shavu, bandika kipande cha nta utakayopewa. Mahindi ya kuchoma, miwa, kashata, korosho na mbegu za ubuyu uziage kwa muda.

Mambo mawili watu hawaambiwi mapema. Mwanya ukishafungwa, huenda chini yake pakabaki pembetatu ndogo nyeusi karibu na ufizi, kwa sababu ufizi ulioshuka haupandi tena kujaza nafasi hiyo. Bingwa anaweza kuipunguza kwa kunoa kidogo mbavu za meno au kwa kuongeza kijazio cheupe, lakini picha ya mwaka 2008 hairudi yote. La pili ni kwamba siku nyaya zinapotoka ndiyo siku unayoanza kuvaa riteina, kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka, na kwa meno yaliyopoteza mfupa hiyo maana yake ni waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya mbele kwa maisha yako yote, pamoja na usafi wake. Asiyekubali sharti hili nisingemshauri aanze. Na kama unafikiria kuziba pengo la gego kwa jino la kupandikiza, bingwa aamue kwanza gego lililolala litainuliwa kiasi gani, kwa kuwa jino la kupandikiza halisogezwi likishashikana na mfupa.

Limebaki swali la mume wako. Nadhani aliuliza hivyo kwa sababu alichoambiwa ni nyaya, na nyaya alizowahi kuziona ni za vijana. Siku ya kuchukua picha nenda naye, na daktari akishaibandika eksirei mbele ya taa mwombe aonyeshe kwa kalamu mfupa ulipopaswa kufika na ulipo sasa. Mwache mume wako aangalie ile nafasi kati ya alama mbili. Kisha zichukue zile namba za mifuko, zote, uniandikie. Nikiziona nitaweza kukuambia kama safari ya Dar es Salaam ni ya mwaka huu au ya mwakani.